IMANI YENYE MIZIZI NA SHAMBA LA MJANE



Waheshimiwa viongozi wa Halmashauri ya Walei, makatekista, wenyeviti na makatibu wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ndugu wapendwa. Tume ya Haki na Amani imetuomba tuzungumze nanyi juu ya imani iliyozama mizizi, na juu ya namna jumuiya zetu zinavyoweza kuikuza imani hiyo. Mada hii ni pana. Mtu angeweza kuizungumza kutwa nzima kwa maneno mazuri bila kumgusa hata mmoja wetu. Sisi tungependa ituguse. Kwa hiyo tutaanzia mbali kidogo, kwa jirani zetu waliopita katika moto, halafu tutarudi hapa kwetu, kwenye shamba la mjane.

Mbegu iliyoota upesi

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana wetu anasimulia habari za mpanzi. Wengi wetu tukisikia mfano huo tunaikumbuka mbegu iliyoliwa na ndege, au ile iliyosongwa na miiba. Ile iliyoanguka penye mwamba tunaipita haraka. Lakini angalieni jinsi Bwana anavyoieleza: hiyo ndiyo iliyoota upesi, na iliota upesi kwa sababu udongo wake haukuwa na kina. Mkulima yeyote analijua jambo hilo. Mahindi yaliyopandwa kwenye udongo wa juu juu hupendeza sana wiki mbili baada ya mvua za kwanza, na apitaye njiani huyasifu. Kikifika kile kiangazi kifupi kabla ya masika, ndipo tunapojua shamba lipi lina udongo na lipi lina mawe. Wala jua si adui wa mahindi. Jua linaloyaunguza haya ndilo linaloivisha yale ya jirani.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu unatuzuia kujisifia wingi. Kanisa la Rwanda lilikuwa shamba lililosifiwa na wapita njia wote. Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Watu waliingia ukatekumeni kwa maelfu, hata mapadre wakashindwa kuwahudumia wote. Kufikia miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya Wanyarwanda walikuwa Wakatoliki, na ukiwaongeza Wakristo wa madhehebu mengine, karibu nchi nzima ilikuwa imebatizwa. Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Katika muda wa siku mia moja hivi waliuawa watu wapatao laki nane, na kwa hesabu nyingine zaidi ya milioni moja. Maelfu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kama vile Ntarama, Nyamata na Nyarubuye. Mara nyingi aliyeshika panga na aliyekatwa walikuwa wamekula kwenye meza moja ya Bwana.

Tarehe 10 Aprili mwaka huo huo, siku tatu tu baada ya kuanza kwa mauaji, Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma. Mababa wa Sinodi walichagua kuliita Kanisa letu Familia ya Mungu. Walilitamka neno hilo zuri katika wiki zile zile ambazo ndugu walikuwa wakiwaua ndugu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipotoa Waraka wake baada ya Sinodi, huko Yaoundé tarehe 14 Septemba 1995, alilishika neno hilo hilo la familia, na akazitaja jumuiya ndogo ndogo zilizo hai kuwa ndimo familia hiyo inamojengwa. Kama neno lile lingekuwa pambo tu, baada ya Rwanda lingetupwa. Halikutupwa. Ilionekana kwamba ndilo hasa lililokuwa limekosekana.

Tena tusizungumze kana kwamba jambo hilo lilikuwa la Wanyarwanda peke yao. Maaskofu wao, mwezi Novemba 2016, waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji, na tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko naye akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake huko. Kenya, baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka 2007, watu zaidi ya elfu moja waliuawa katika muda wa wiki chache, na Wakristo walikuwa pande zote. Na sisi hapa Tanzania tunao vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na tunao ndugu zetu wenye ualbino waliokatwa viungo vyao, hasa tangu mwaka 2007. Nani atasimama hapa na kuapa kwamba wauaji wote na waliowatuma hawakubatizwa?

Tuna methali isemayo kwamba damu ni nzito kuliko maji. Tunaitumia bila kuwaza, tena hata kwenye vikao vya parokia. Mkristo anapoitamka inafaa ajiulize ni maji gani anayoyazungumzia. Maana kama damu ya ukoo na kabila ni nzito kuliko maji ya ubatizo, basi hatuna haja ya kukutana hapa leo.

Vijana wa Buta

Lakini hatutakuwa tumesema ukweli wote tukiishia hapo. Wako waliowaficha jirani zao na kufa kwa ajili hiyo. Na uko ushuhuda mmoja ambao tunatamani kila kijana wa kipaimara katika parokia zetu aujue.

Katika Jimbo la Bururi, Burundi, kuna Seminari Ndogo ya Buta. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita kati ya Wahutu na Watutsi, na shule nyingi ziligawanyika. Buta haikugawanyika. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, wapiganaji waliivamia seminari, wakaingia bwenini na kuwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Vijana wakakataa. Waliuawa arobaini. Kanisa la Burundi limeanzisha mchakato wa kuwaombea watangazwe wenye heri.

Ndugu zangu, kukataa kule hakukuzaliwa alfajiri ile. Mtu anayeamshwa na risasi hana nafasi ya kutafakari mafundisho. Hufanya lile alilokwisha kuwa. Wale vijana walikuwa wamejengwa kwa miaka. Walisali pamoja, walifundishwa ngoma na michezo pamoja, na jambo tunalodhani ndilo lililo kubwa zaidi, waliruhusiwa kuzungumza waziwazi juu ya Uhutu na Ututsi, juu ya hofu zao na juu ya ndugu zao waliouawa. Walezi wao hawakuwaambia kwamba mambo hayo hayazungumzwi seminarini. Mizizi haizami penye ukimya wa namna hiyo.

Hatua ya sita

Sasa turudi kwetu. Jumuiya Ndogo Ndogo si jambo la jana. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973, wakaona kwamba maisha ya Kanisa hayana budi kujengwa juu ya jumuiya za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976 walikutana tena Nairobi na kuifanya kazi ya kujenga jumuiya hizo kuwa mpango wao wa kichungaji. Miaka michache kabla yake, mwaka 1970, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amewaambia Masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafanya watu wawe maskini, litakuwa halina maana kwa watu hao. Mawazo hayo mawili yalikutana katika vijiji vyetu. Hapakuwa na kusudi la kuunda tawi la kukusanyia michango.

Tunalitaja neno michango kwa makusudi, na tunaona baadhi yenu mnacheka. Wote tunaujua utaratibu ulivyo. Watu kumi na wawili wanakutana Jumamosi asubuhi, kumi wakiwa akina mama. Wimbo, sala, somo la Injili ya Jumapili. Kisha daftari linafunguliwa: zaka, ujenzi, gari la parokia, harusi ya fulani. Baba anayeonekana mara moja kwa mwaka ni yule anayetaka barua ya kumbatiza mtoto. Hatusemi kwamba michango ni mibaya, kwa kuwa Kanisa halijengwi na wageni. Tunasema kwamba mtu akiijua jumuiya kwa daftari tu, siku ya shida hataikimbilia. Ataukimbilia ukoo.

Wengi wenu mmefundishwa njia ya kushirikishana Injili kwa hatua saba, iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika ya Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunachagua maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana. Hatua ya sita inatutaka tuulizane Bwana anataka tufanye nini hapa tunapoishi, na ya saba ni sala za papo hapo. Tumetembelea jumuiya nyingi, na tumeona kwamba hatua tano za kwanza zinafuatwa vizuri kabisa, na ya saba hufanyika kwa ibada kubwa. Ile ya sita hurukwa. Nafasi yake imechukuliwa na matangazo.

Kwa nini hurukwa? Jibu tunalopewa ni kwamba muda hautoshi. Sisi tunadhani muda upo. Hatua ya sita ndiyo inayotaja majina ya watu. Ukiuliza Bwana anataka tufanye nini, mtu anaweza kusema kwamba yuko mama, nyumba ya tatu kutoka hapa, amefukuzwa shambani na shemeji zake. Na shemeji mmoja amekaa hapo hapo kwenye mkeka, ameshika rozari.

Mjane

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni katika Kanisa. Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 6. Ugomvi wa kwanza ulioandikwa katika jumuiya ile ya Yerusalemu, jumuiya tunayoisifu kila siku kwa kuwa na moyo mmoja, ulihusu wajane. Wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na wajane wa Waebrania wanapata. Kwa maneno ya leo, ulikuwa ukabila katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakusema kwamba wao ni watu wa sala na mambo hayo wayaachie serikali, wala hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliita mkutano wa waamini wote, lalamiko likasemwa hadharani, wakachaguliwa watu saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Someni majina hayo tena. Yote saba ni majina ya Kigiriki. Ghala lilikabidhiwa kwa watu wa upande ule uliokuwa umedhulumiwa. Tunashangaa kwamba jambo hili halihubiriwi mara nyingi zaidi.

Tuseme mume amefariki. Jumuiya imefanya kazi yake ya mazishi kwa upendo: kuni zimeletwa, maji yametekwa, rozari imesaliwa usiku. Siku chache baadaye ukoo unakaa kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi, na wanajumuiya wanaona kwamba hilo si lao, hivyo wanaondoka. Hapo ndipo jua linapochomoza juu ya shamba letu.

Viongozi wa jumuiya wanapaswa kujua mambo machache ya sheria, maana dhuluma nyingi husimama juu ya kutojua. La kwanza, msimamizi wa mirathi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kuwagawia wenye haki, na kutoa hesabu mahakamani. Ndugu anayerudi na barua ya mahakama akisema kwamba sasa nyumba ni yake, ama hajui ama anadanganya. La pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaikataa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi kwa sababu ya uanamke wake. Na Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Je, katika vijiji vyenu mnawajua wanawake hao? Je, kuna yeyote wa jumuiya zetu?

La tatu ni gumu zaidi. Mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963 zilimweka mjane mahali pabaya: hana fungu lake katika urithi, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Zimelalamikiwa sana. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, alisema kwamba mila inayombagua mwanamke katika kuuza ardhi ya ukoo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili, ilikubali kwamba mila za urithi zinabagua na hata hivyo ikakataa kuzifuta. Wajane hao walifika hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba walikuwa wamekosewa haki.

Na katika sheria hizo limo jambo moja ambalo sisi, kama mapadre, tunalitafakari sana. Afapo Mkristo wa Kiafrika, mahakama haitosheki na cheti cha ubatizo katika kuamua kama mirathi yake ifuate mila au sheria nyingine. Huuliza marehemu aliishije. Alifunga ndoa ya namna gani? Aliishi kwa desturi za ukoo wake, au alikuwa ameziacha? Je, aliacha wosia? Hakimu, ambaye pengine si Mkristo, anaitafuta mizizi. Anataka kujua kama ule ubatizo ulibadilisha kitu chochote nyumbani.

Wako watakaosema kwamba Padre anataka kuwagombanisha na mila zao. Hatutaki. Mila nyingi zilimlinda mjane na yatima vizuri kuliko mji unavyowalinda leo. Ukoo ulikuwa na wajibu wa kumlisha mjane kabla haujawa na haki ya kulishika shamba. Kinachotokea siku hizi ni kwamba haki imeshikwa na wajibu umeachwa, na kitu hicho kinaitwa mila ili kisiulizwe. Mzee wa ukoo mwenye heshima anaijua tofauti hiyo kuliko sisi, na mara nyingi ukimwendea kwa adabu kabla ya kikao, atasimama upande wa mjane. Nendeni kwa wazee hao kwanza. Msiende na padre, mtaonekana mmeleta askari.

Wengine watasema kwamba mwanajumuiya akisimama na mjane, jumuiya itavunjika, kwa kuwa shemeji naye ni mwanajumuiya. Hili ni la kweli na lina uchungu. Yako mahali ambapo jumuiya ilipoteza familia tatu kwa sababu ya kusema. Lakini tulinganishe na jumuiya ambayo haikusema. Huko pia mtu ameondoka. Ni mjane, naye hakuaga.

Kazi ya vikundi

Tumesema vya kutosha. Kabla ya chakula tungependa mgawanyike kwa kanda, kila kanda na katibu wake, mfanye haya.

Kwanza, kila jumuiya iandike idadi ya wajane waliomo katika eneo lake, hata wasiohudhuria, na wangapi kati yao wanalima shamba lile lile walilolima mume alipokuwa hai. Msiandike majina. Kama hamjui idadi, andikeni kwamba hamjui, hiyo nayo ni taarifa.

Pili, mchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, watakaomsindikiza mjane kwenye kikao cha ukoo akiwaomba, na wakae kimya isipokuwa waulizwe. Kuwapo kwao kunatosha kwa mara ya kwanza. Wawili hao wajifunze pia mahali pa kupatia cheti cha kifo, na wakumbuke kwamba daftari la ndoa la parokia liko wazi kwa mjane anayehitaji nakala ya cheti chake.

Tatu, akina baba mliomo humu mzungumze peke yenu juu ya wosia. Ni wangapi mmeandika, mbele ya mashahidi? Ni wangapi ambao hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lao ina majina ya mume na mke? Jambo hilo linawezekana katika ofisi ya kijiji, na mwenye kulifanya akiwa hai anawaepusha watoto wake na vikao vingi.

Makatibu wachukue karatasi kwa katekista. Tutasikiliza taarifa saa nane na nusu, na kanda ya mwisho kufika ndiyo itakayoanza kusoma.